Naomba ushauri: "ku-" yetu na "to" ya Kiingereza

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nafundisha Kiingereza jioni hapa Langoni, Lamu, na nimekwama kwenye kitenzi-jina, kwa sababu "kuogelea" yetu ni moja tu, ilhali Kiingereza hutaka "to swim" baada ya "want" na "swimming" baada ya "enjoy". Jana mtoto wa mvuvi aliandika "My father stopped to fish", akikusudia kwamba babake ameacha uvuvi. Nilipomweleza kuwa hapo baba amesimama ili avue, darasa zima lilicheka, naye akaniuliza mbona basi "let me go" haina "to". Kanuni naijua, lakini kuieleza bila kukaririsha orodha ndiko kunakonishinda. Mliofundisha watoto wa pwani, mlianzia kwenye maana ya kusudi, au kwenye kitenzi kinachotangulia?