K. K. Shailaja wa Kerala: kashinda kwa kishindo, uwaziri kanyimwa. Kwa nini?

Mdadisi_K: Wakuu, huyu mama aliyekuwa Waziri wa Afya wa jimbo la Kerala, India, ananichanganya. Mei 2021 kashinda kiti cha bunge la jimbo, Mattannur, kwa tofauti ya kura 60,963, hakuna aliyemfikia katika uchaguzi ule, na sifa za corona zimeenea dunia nzima. Wiki mbili baadaye baraza jipya linatajwa, hayumo. Alimkosea nani? Na Modi, Waziri Mkuu wa India, si angemrudisha tu?

Pwani_Siasa: Modi mtoe kwanza, hahusiki. Afya kule ni mamlaka ya majimbo, na Shailaja alikuwa waziri wa Kerala, si wa India. Mawaziri wa jimbo huteuliwa na Gavana kwa ushauri wa Waziri Kiongozi, na majina huletwa na vyama.

Sasa piga hesabu. Tangu marekebisho ya katiba ya 2003, mawaziri, pamoja na Waziri Kiongozi, hawazidi asilimia 15 ya wabunge. Kerala ina viti 140, kwa hiyo 21, basi. Muungano wa mrengo wa kushoto ulizoa viti 99, lakini una vyama vingi vya kugawiana. CPI(M), chama chake cha kikomunisti, kikabaki na nafasi 12. Kikaamua mawaziri wake wa zamani wote watoke, isipokuwa Pinarayi Vijayan, Waziri Kiongozi. Afya akapewa Veena George, aliyekuwa mwanahabari. Shailaja akawa mnadhimu wa chama bungeni.

Mkunazi: Hiyo "isipokuwa" ndiyo iliyozua kelele!

Ila itazame njia ya Shailaja. Mwalimu wa sayansi. 1996 alishinda ubunge Kuthuparamba, 2006 Peravoor, 2011 akaangushwa hapohapo Peravoor, 2016 akarudi kupitia Kuthuparamba ndipo akakabidhiwa Afya. Yote hayo wilaya ya Kannur, ngome ya chama. Mtu anayehamishwa majimbo ya uchaguzi namna hiyo, kiti si chake, ni cha chama. Hata Tuzo ya Magsaysay, tuzo kubwa ya Asia, mwaka 2022 aliikataa ili kufuata msimamo wa chama.

Sifa zenyewe hazikuwa za bure. Nipah, ugonjwa hatari wa virusi, ilipozuka Kozhikode, hukohuko Kerala, Mei 2018, kila aliyegusana na mgonjwa alisakwa, akaorodheshwa, akafuatiliwa. Mgonjwa wa kwanza wa corona India alipothibitishwa Kerala tarehe 30 Januari 2020, watu wa kazi hiyo walikuwa wameshaizoea.

Mdadisi_K: Kwa hiyo ukishaachwa ndiyo basi mpaka uchaguzi mwingine?

Pwani_Siasa: Hapana, baraza hubadilishwa wakati wowote. Hata asiye mbunge huapishwa, ila apate kiti ndani ya miezi 6, la sivyo uwaziri unakoma. Yeye 2024 chama kilimpeleka kugombea bunge la taifa, Delhi, kupitia Vatakara, akashindwa na Shafi Parambil wa chama cha Congress, akabaki na Mattannur yake. Shafi ndiye aliyekuwa na kibarua: alikuwa mbunge wa jimbo kutoka Palakkad, na sheria inatoa siku 14 tu kuachia kiti cha jimbo. Ukichelewa, kinachopotea ni kile cha Delhi. Akaachia, Palakkad wakafanya uchaguzi mdogo Novemba.