Singe ya babu imeshika kutu, niisafishe vipi bila kuiharibu?

MtuWaPangani
Wakuu, habari za jioni. Nina singe (kile kisu cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki) ya babu mzaa baba yangu, mzee aliyekuwa askari wa Mjerumani kwenye vita vya 1914 hadi 1918. Marehemu bibi aliificha darini ndani ya gunia, na upepo wa chumvi wa huku pwani mnaujua. Ubavu mmoja una kutu nyekundu inayomeguka, wa pili ni mweusi tu. Mgongoni naona taji dogo, herufi W na 88. Mpwa wangu anataka kuipiga grenda, mke wangu anasema niiloweke kwenye siki. Naogopa kuiharibu.

Mzee_Karakana
Ndugu yangu, kijana asiiguse! Taji na hiyo W ni muhuri wa ukaguzi wa enzi za Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, na 88 ni mwaka 1888. Mimi singe ya mjomba nilimpa fundi wa kuchomelea, ikarudi inang'aa kama kijiko cha dukani. Mpaka leo nikiishika, kidole gumba kinatafuta ule muhuri hakiuoni.

Siki nayo acha. Inakula chuma pamoja na kutu, na ikijipenyeza chini ya mbao za mpini huitoi tena.

Vaa glavu, maana jasho lina chumvi. Paka mafuta ya cherehani, ilaze usiku kucha. Asubuhi tafuta senti kumi ya mkoloni, ile ya tundu. Ni laini kuliko chuma, kwa hiyo ukingo wake unabandua magamba bila kuchora. Ishike karibu ilale kabisa, ukwangue taratibu. Kisha stilwaya namba 0000 (ya masufuria ni kali mno) pamoja na mafuta, ukifuata urefu wa singe. Futa kwa kitambaa cheupe kila mara. Kikitoka kahawia, endelea. Ukifika kwenye weusi, simama. Weusi ule ni kutu iliyotulia, inakinga chuma. Ndiyo umri wake, usiuondoe.

Chuma_Chakavu
Mbona ukiiloweka kwenye maji ya magadi na kuiunga na betri ya gari, umeme unaitoa kutu na kumaliza kazi kwa siku moja?

Mzee_Karakana
Kwa nanga sawa. Hii ina mpini wa mbao, na umeme hauchagui: utaondoka na weusi wote.

Mama_Ushongo
Kama ina ala ya ngozi, usiirudishe humo. Ngozi inavuta unyevu. Ya kwetu iliozea ndani ya ala wakati nje ilionekana nzima. Ipake nta, ifunge kwa kitambaa cha pamba, na ala ikae pembeni yake.

MtuWaPangani
Siku ya nne leo. Senti nimepewa na jirani. Nimemaliza kipande cha kama vidole vitatu tu, karibu na mpini, na chini ya magamba zimetokea namba mbili ndogo ambazo hata baba hakuwahi kuziona. Kitambaa kimeanza kutoka cheusi, nimesimama hapo. Kesho nahamia kwenye ncha.