Ushauri: chuo kinataka mfumo mmoja wa ramani na data za kijiografia, tuanzie wapi?

Ramani_Moja: Wakuu, habari zenu. Chuoni kwetu kila idara ina ramani zake: misitu, maji, hadi ofisi ya majengo. Mpaka wa chuo una nakala kibao na hazifanani. Nimekabidhiwa kazi ya kuziunganisha, na bajeti ni ndogo. Tununue programu za kulipia au za bure zinatosha?

FundiSeva: Za bure zinatosha kabisa, mkuu. Data ikae kwenye PostgreSQL (hifadhidata) yenye PostGIS (nyongeza yake ya data za ramani), wataalamu waifungue kwa QGIS (programu ya kuchora na kuhariri ramani), na GeoServer (programu ya seva ya kusambaza ramani) iwatolee ramani wanaotumia kivinjari tu. GeoServer inafuata viwango vya WMS na WFS, yaani kanuni za wazi za kutoa ramani na data mtandaoni, kwa hiyo hata idara yenye leseni ya ArcGIS (programu ya ramani ya kulipia) itasoma data hiyohiyo.

Mpimaji: Seva ndiyo sehemu rahisi. Kabla hamjapandisha faili hata moja, kubalianeni kila tabaka (kundi moja la data za ramani, kama majengo au barabara) ni la nani. Mwenye tabaka ndiye anayelihariri, wengine wanasoma tu. PostgreSQL inaruhusu kugawa haki hizo jedwali kwa jedwali. Bila hivyo mtabaki na mipaka ileile inayogombana, safari hii ndani ya seva moja.

Halafu viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali. Faili moja ikiwa kwenye WGS 84 (mfumo unaotumiwa na GPS) na nyingine kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali) ya zamani, jengo linaweza kusogea mita mia kadhaa. Nimeshaona maktaba imekaa katikati ya mto kwenye skrini. Shapefile (muundo wa zamani wa faili za ramani) ikija bila faili yake ya .prj inayotaja mfumo wa viwianishi, msikisie, mrudishieni mwenyewe aseme ilipimwa kwa mfumo gani.

Dada_Data: Na shapefile zenyewe muachane nazo taratibu. Jina la safuwima ya jedwali mwisho herufi 10: "idadi_ya_wanaume" na "idadi_ya_wanawake" zote zinakatwa kuwa "idadi_ya_w", utajuaje ipi ni ipi? Mkibadilishana data tumieni GeoPackage, muundo mpya zaidi wa faili za ramani. Faili moja, majina kamili.

Ramani_Moja: Asanteni sana. Ila watu wa maji hawataki kutoa data za visima, wanasema utafiti wao haujachapishwa.

Mpimaji: Wana haki, msiwalazimishe. Waweke maelezo tu kwanza: data inahusu nini, eneo gani, mwaka gani, aulizwe nani. Tabaka lenyewe lifunguliwe makala ikitoka. Ninyi anzeni na majengo, barabara na mpaka, maana hayo kila idara inayahitaji.