Huyu mzee wa kijiwe cha stesheni nani kamteua kuwa hakimu wa majenerali?

Mtemi wa Cheyo (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Sijala, na sitakula mpaka nimalize kuandika hapa.

Wa Tabora wote mnamjua, jina silitaji na wala sina haja nalo. Yule wa koti la kaki, halivui hata jua la Oktoba. Benchi la ukutani pale kwenye kahawa ni lake, na kila anayepita lazima apigwe swali la vita. Huyo huyo. Mtu ukimuuliza saa ngapi, anakuambia saa aliyoamka Napoleon siku ya Waterloo.

Leo kala kashata yangu. Na kabla hamjaanza kucheka, niseme vizuri: kamla Mirambo, yule mtemi wa vita wa Wanyamwezi. Mbele za watu.

Kijana mmoja wa chuo kauliza kistaarabu tu, nani kamanda bora kuliko wote waliowahi kupigana kwenye ardhi hii. Mzee hakumeza hata mate. "Von Lettow-Vorbeck." Yule kamanda wa Wajerumani wa vita ya kwanza ya dunia. Akafunguka: Tanga, Novemba 1914, Waingereza wameshusha askari kama 8,000 kutoka India, Mjerumani ana elfu moja na ushee, kawarudisha melini mbio, wakaacha bunduki za rashasha 16 na risasi laki 6 ufukweni. Akazungushana nao miaka 4, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akarudi, akaja kuweka silaha chini Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918 wakati wenzake Ulaya wamemaliza vita siku 14 nyuma. Hayo siyakatai, yameandikwa na yanajulikana.

Nikasema kwa adabu, na shikamoo nilishatoa tangu nafika: mzee wangu, na Mirambo je?

Wakuu, alivyonitazama! Akaanza kupanga vikombe. Kikombe hiki Tabora ya Waarabu. Sinia ndiyo Uyowa, kwa Mirambo. Birika ni pori la Wilyankuru. Halafu akanyoosha mkono kwenye kisahani CHANGU, akachukua kashata YANGU ya karanga, sijaigusa, akaiweka katikati. "Haya, huyu ndiye Mirambo wako." Akaitazama kidogo. Akaila. Nzima! Akapangusa makombo kwenye lile koti akasema, "Jambazi wa njiani. Kafa, na dola yake imekwisha, kama hivi."

Benchi zima likaangua kicheko. Muuza kahawa alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye makaa.

Jambazi wa njiani! Agosti 1871 Waarabu wa Tabora wametoka kwenda kummaliza, wana bunduki, wana bendera, na Stanley, yule mwandishi Mzungu aliyekuwa anamtafuta Livingstone, yuko nao na watu wake. Wakaingia Wilyankuru kama wanaingia gulioni, wakabeba pembe za ndovu na mateka. Mirambo aliwaacha wachukue. Aliwaacha washibe. Wakati wanarudi wamelemewa na mizigo, ruga-ruga, wapiganaji wake, wakanyanyuka kwenye nyasi ndefu pande zote mbili za njia. Huo ndio ujambazi? Hiyo ni akili ya kumsubiri adui mpaka uroho wake umfunge miguu! Na hakuishia hapo, mwezi ule ule kaingia Tabora yenyewe, Khamis bin Abdullah, kiongozi wa Waarabu, akauawa, sehemu ya mji ikaungua. Stanley kajifungia Kwihara. Njia ya Ujiji ikafungwa, ikabidi azungukie kusini kumfuata Livingstone. Mzungu huyo huyo, 1876, ndiye kaenda kuchanjiana damu na Mirambo na kumlinganisha na Bonaparte. Sasa Stanley aliyekimbizwa anamheshimu, halafu wewe uliyekaa kwenye benchi unamla na karanga!

Na huyo Lettow mnayemwimbia, mizigo alibeba nani? Mizinga ya Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani, iliyotolewa Rufiji iliburutwa na nani, na malaika? Wapagazi walikufa makumi kwa makumi ya maelfu kwa majeshi ya pande zote, kwa njaa, kuhara na kuchoka. Ugogo ng'ombe na nafaka zilichukuliwa na kila jeshi lililopita, ikaja ile njaa ya Mtunya. Yeye kafa kwake Ujerumani 1964 ana miaka 93, kitandani. Kamanda anayehesabu risasi zake na hahesabu watu waliombebea hizo risasi, mimi simwiti bora, hata angeshinda Tanga mara arobaini.

Nilitaka kuyasema yote haya pale pale. Nitayasemaje wakati hoja yangu inatafunwa? Unajua mtu anakutazama machoni huku anatafuna? Polepole?

Mwenye ukoo na huyu mzee amwambie asirudie.

Mtoto wa Ng'ambo

Nimesoma mpaka mwisho nikijua kuna mtu kapigwa. Kwa hiyo huu uzi ni wa kashata?

Mtemi wa Cheyo

Siyo kashata. Ni Mirambo. Soma tena.

Kandambili Moja

Mleta mada shukuru Mungu. Mimi huyo mzee alinivua kandambili akaifanya Mlima Kilimanjaro, akapanga Wajerumani upande huu na jeshi la Waingereza la Smuts upande ule. Kengele ya treni ikalia, watu wakakimbilia behewa, mlima haukuonekana tena. Nimefika Kaliua mguu mmoja peku.

Fundi Saa wa Isevya

Hahahaa. Mimi miwani. Ilikuwa Mto Rufiji.

Nipo Kimya

Nilikuwepo. Kashata haikuwa nzima, ulishaimega pembeni.

Mtemi wa Cheyo

Wewe ulikuwa unatazama drafti, hukuona kitu. Ilikuwa nzima. Kaila nzima, kwa mkupuo mmoja, na macho kanikazia mimi.

Asali ya Sikonge

Pole mkuu, kukulia kashata ni uonevu. Lakini tuseme ukweli, kwenye suala la dola mzee hajakosea. Mirambo kafa Desemba 1884, na Urambo ukaanza kumeguka mikononi mwa warithi. Mwezi huo huo wa Desemba 1884 kafa mtemi Nyungu ya Mawe kule Ukimbu. Kimetokea nini? Kakaa binti yake, Mgalula, na nchi ikatulia mpaka Wajerumani wanaingia. Kwa nini? Kwa sababu Nyungu kila alipopiga aliweka mtwale wake, anayekusanya pembe na kujibu kwake, badala ya kumwachia mtemi aliyeshindwa kiti chake na kuomba kodi kwa mbali. Mirambo alijua kushinda. Nyungu alijua kushinda na kukaa. Mimi kamanda namtazama siku ya mazishi yake, kama nyumba imesimama au imelala.

Na alikuwa na jicho moja tu, jamani. Angekuwa nayo mawili tungekuwa tunaongea Kikimbu hapa.

Mtemi wa Cheyo

Asali, na wewe umekuja kummalizia makombo? Mirambo alipigana na Waarabu, Watuta na Wanyanyembe, kila upande anawashiwa moto, muda wa kuweka watwale angeupata wapi? Na kama hoja ni hiyo, si angeisema kwa mdomo! Angesema, "Mwanangu, tazama Nyungu." Ningenyamaza nisikilize. Yeye kafungua mdomo kwa kazi nyingine.

Unyanyembe Damu

Mnagombania Mirambo na Nyungu na hakuna anayemtaja Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe. Wajerumani walimshambulia 1892 wakashindwa, wakarudi, wakashindwa. Januari 1893 kaja Tom von Prince, boma limevunjwa, Isike kaingia ghala la baruti na kujilipua kuliko kushikwa mzima. Watoto wetu wanajua Mkwawa, Isike wa hapa hapa hawamjui. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko karanga za mtu.

Mhehe wa Chuo

Mkwawa anajulikana kwa sababu alishinda. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, hakurudi Pwani. Halafu kapigana mpaka 1898. Mtaje mwingine.

Unyanyembe Damu

Kijana, upo Tabora kwa hisani. Kula embe unyamaze.

Kandambili Moja

Mkiendelea hivi mzee atasikia, atakuja na benchi lake humu.

Mwisho wa Reli

Wakuu wa Tabora salaam kutoka Kigoma. Nimesoma majenerali wote hao wa nchi kavu, kama vile ziwa halipo. Hebu tuongee vita vya kueleweka.

Mwingereza mmoja, Spicer-Simson, kaletewa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zimepanda meli mpaka Cape Town, zimepanda treni, zimeburutwa porini Kongo na maksai na mashine za mvuke, mpaka Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 kaiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Februari 1916 kaizamisha Hedwig von Wissmann. Shujaa, sivyo? Sasa ikatokea Graf von Götzen ya Wajerumani, meli ya ukweli, ina mzinga wa Königsberg mbele. Bwana mkubwa akabaki bandarini upande wa pili anaitazama kwa darubini. Hakutoka! Na alikuwa anavaa sketi, hilo sikusingizii, limeandikwa.

Mimi kamanda wangu bora wa vita ile yote ni fundi. Julai 1916 Wajerumani wanaondoka Kigoma, amri imetoka meli izamishwe. Mafundi wakaipaka injini grisi nzito kwanza, kila kitu, ndipo wakaishusha chini taratibu. Waingereza wameitoa 1924, 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Bibi yangu kaipanda, mama yangu kaipanda, mimi nimeipanda kwenda Kasanga nikiwa mdogo, nimelala juu ya magunia ya dagaa. Nionyesheni ushindi gani wa Lettow uliombeba bibi yangu.

Asali ya Sikonge

Hapo kwa fundi wa grisi nimevua kofia.

Mtemi wa Cheyo

Mwisho wa Reli, karibu sana, lakini uzi huu ni wa mtu kuliwa hoja yake hadharani. Tusiupeleke ziwani.

Mstaafu 208

Vijana, mnabishana vita vya mababu, vita vya baba zenu mmevisahau. Lukaya, Uganda, Machi 1979. Brigedi yetu ya 201 imepigwa na jeshi la Amin na Walibya, imetawanyika. Kamanda wa kawaida hapo anatafuta wa kumlaumu. Waliokuwepo walikusanya watu, brigedi ya 208 ikazunguka, ikapiga kutoka upande ambao adui hakuutazamia. Tarehe 11 Aprili tupo Kampala. Mtu yeyote anaweza kuongoza watu wanaosonga mbele. Nionyeshe anayeweza kuwasimamisha watu wanaokimbia.

Fundi Saa wa Isevya

Shikamoo mzee. Hili liwe na uzi wake, moderata mpo?

Mstaafu 208

Marahaba. Na waliobaki huko je, nani anawatembelea? Kila Julai ngao na mkuki, hotuba, basi.

Mtemi wa Cheyo

Mzee, shikamoo, hilo ni zito na nakubaliana na wewe kabisa. Lakini wewe ungekuwepo leo pale kijiweni ungemwacha amtafune Mirambo?

Mstaafu 208

Mimi na yeye tulishaachana kusalimiana. Aliwahi kuniambia Lukaya ningeipanga vingine.

Rupia Kumi na Tano

Samahani kuingilia. Kuna mtu ana sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ya rupia 15, ile yenye tembo, iliyogongwa hapa hapa Tabora 1916 kabla Wabelgiji wa Tombeur hawajauchukua mji mwezi wa Septemba? Naulizia bei. Aje pembeni tuongee.

Nipo Kimya

Msimtumie hela. Mwaka jana alikuwa anauza zebaki nyekundu.

Rupia Kumi na Tano

Nithibitishie.

Mhehe wa Chuo

Tombeur alipewa ubaroni kwa jina la Tabora, wakati Wahle na Wajerumani wake walishatoka mjini usiku. Kushinda mji mtupu nako ni ukamanda? Nauliza tu kama mwanafunzi.

Unyanyembe Damu

Tumekuambia kula embe.

Mama Migebuka

Mwisho wa Reli, wewe ni wa Kigoma kweli? Maana nina neno na ninyi. Migebuka mnayotuletea siku hizi hapa Tabora imelowekwa chumvi mpaka mtoto wangu anakunywa maji ndoo nzima. Zamani ukiikata ndani ilikuwa inang'aa. Sasa hivi ni mifupa na chumvi.

Mwisho wa Reli

Dada, hiyo siyo ya Kigoma, hiyo ni ya madalali wa katikati. Migebuka yetu haina chumvi hiyo. Ila karanga zenu mnazotuletea zina mchanga, mbona hatusemi?

Mama Migebuka

Mchanga upo kwenye mawese yenu. Nimenunua dumu juzi, chini nusu ni matope mekundu.

Asali ya Sikonge

Hilo la mawese kweli kabisa. Mimi sasa hivi nachuja mara mbili.

Mtemi wa Cheyo

Wakuu, mada.

Mama Migebuka

Kaka subiri kidogo. Mwisho wa Reli, una mtu wa uhakika Ujiji? Nataka mawese lita 20, lakini nione kwanza chini ya dumu kabla sijatoa hela.

Mwisho wa Reli

Nipo mwenyewe. Nakupigia picha kesho asubuhi, juu na chini.