Saa ya mkononi au mashine ya presha kwa wazee dhaifu, Tanga mjini?

Mwambao_T: Wakuu, habari za leo. Tunaandaa ufuatiliaji wa afya nyumbani kwa wazee dhaifu wa Ngamiani na Makorora. Wengi wana presha, wachache moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri. Kuna saa ya mkononi inayotambua mtu akianguka, na mashine ya presha inayotuma vipimo kwa Bluetooth kwenye simu janja ya mjukuu, halafu kwa muuguzi. Saa zinavuliwa, vipimo haviji, tahadhari zinalia bure. Tuongeze mafunzo?

FundiVipimo: Mafunzo hayatasaidia mkuu, kosa liko kwenye kifaa. Mzee anatia udhu mara tano kwa siku. Hata saa isiyoingia maji atavua, kwa sababu maji lazima yaguse ngozi iliyo chini ya mkanda. Akishaiweka dirishani ndiyo imekwisha. Tena mkono uliokonda hauibani saa vizuri, mwanga wa nje unapenya chini yake na mapigo yanasomeka ovyo.

Kuanguka nako kuna mtego. Kutwanga kunatoa mshtuko mkononi unaofanana na kuanguka. Kifaa cha shingoni kinachoangalia mwinamo peke yake kitalia mzee akisujudu. Na mzee anayeteleza polepole kutoka kitandani hatoi mshtuko wowote, kwa hiyo hakisemi kitu. Wekeni masharti mawili kwa pamoja: mshtuko, kisha sekunde 30 bila kusogea. Halafu kitetemeke sekunde 20 ili aweze kufuta kwa kitufe. Kwa wale wanaoteleza, kitufe cha kuita msaada kifungwe ukutani karibu na kitanda, kamba yake ifike sakafuni.

NesiMtaani: Naongezea upande wa presha, maana hapo ndipo wazee wetu wanapoumia kimyakimya. Pimeni mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha ni wa mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Bibi aliyekonda ana 20, na mkanda mkubwa kwake unasoma chini ya ukweli: presha ipo, mashine inasema hakuna. Nunueni mikanda midogo pia. Mikono ya gauni isikunjwe juu ikabana, avue mkono mmoja ajifunike kanga.

Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Vipimo viwili kwa kupishana dakika 1. Halafu asimame, mpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hiyo ndiyo hatari ya kuanguka, na dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya. Mashine nyingi za nyumbani haziulizi kipimo cha kusimama. Yenu iulize, kwa sauti, kwa Kiswahili.

Kitochi_Sita: Bluetooth iondoeni. Mjukuu akienda shule, simu imeenda naye. Chukueni mashine yenye laini yake, inayotuma ujumbe mfupi na kuhifadhi vipimo mtandao ukikosekana. Betri ziwe za alkali, zile za bei rahisi nguvu inashuka pampu ikianza na mkanda haujai. Hewa ya chumvi hapa kwetu inaota kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri, vifutwe kila mwezi. Kitufe kimoja tu, upana sentimita 2, kinachosikika kikibonyezwa, na mlio mzito, kwani sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba.

Halafu swali kubwa: tahadhari ikilia saa 8 usiku, nani anaenda? Namba ya kwanza iwe ya jirani anayeweza kufika kwa miguu, muuguzi afuate.

Mwambao_T: Nimeelewa, asanteni. Na wenye moyo?

NesiMtaani: Mizani kila asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai. Iwekwe kwenye saruji, si juu ya mkeka, itadanganya. Kiti kiwe mbele yake ajishikilie anapopanda, lakini namba isomwe mikono ikiwa imeachia. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, apigiwe simu siku hiyo hiyo, aulizwe kama miguu imevimba na usiku analala kwa mito mingapi.