Vyombo vya sadaka vya Waaramu: naomba ushauri

Wakuu, naandaa somo la vijana kanisani juu ya Naamani, yule jemadari wa Shamu (nchi ya Waaramu, Siria ya kale) aliyeinama katika nyumba ya mungu Rimoni. Nataka waone ibada yenyewe, si jina la mungu tu.

Mfano mmoja ninao: jiwe la kumbukumbu la Katumuwa, ofisa wa mfalme, karne ya 8 KK, lililochimbuliwa mwaka 2008 Zincirli, kusini mwa Uturuki, mji wa kale wa Sam'al. Amechongwa ameketi mbele ya meza ya chakula, kikombe mkononi. Maandishi yanaagiza kondoo dume kwa Hadadi (mungu wa dhoruba, ndiye aliyeitwa pia Rimoni), na mwingine kwa nafsi yake iliyomo jiweni! Hapohapo yakakutwa mabaki ya chakula na vipande vya bakuli za mawe kama zilizochongwa pale. Hapo sina swali.

Kinachonisumbua ni vile vibakuli vya mawe vya kaskazini mwa Shamu vyenye kiganja kilichochongwa kitakoni, vingine na simba na mrija. Kuna wanaosema ni vya uvumba, wengine vya kumiminia sadaka ya kinywaji, wengine vya marashi tu. Nyinyi mngeviweka kwenye somo kama vyombo vya ibada, au mngeviacha? Na ushahidi gani una uzito zaidi: masalia yaliyonata ndani, au mahali kilipofukuliwa?