Mjadala: Je, Tsar (mfalme) Mikhail wa Urusi aliwasaliti Wakozaki alipowaamuru waiache ngome ya Azov?

Wakuu, suala hili bado linawagawa wapenzi wa historia ya Urusi. Mwaka 1637 Wakozaki wa Mto Don, wapiganaji huru wa mpaka wa kusini, bila idhini ya Moscow, waliiteka Azov, ngome ya Waturuki pale mto huo unapoingia baharini. Walichimba handaki chini ya ukuta, wakalijaza baruti, wakalipua. Sultani Murad IV alikuwa amebanwa na vita vya Uajemi, kwa hiyo jeshi la kulipiza kisasi lilifika 1641, chini ya mrithi wake Ibrahim. Kwa taarifa ya Wakozaki wenyewe, walizima mashambulizi 24, na wanawake wapatao 800 walikuwa nao humo ngomeni. Waturuki wakarudi mikono mitupu. Halafu 1642 Tsar akaamuru ngome iachwe!

Najua inavyouma. Kupitia Azov mateka wa Kirusi waliokamatwa na Watatari, wavamizi wa kutoka Krimea, walikuwa wakiuzwa utumwani. Hata hivyo nasema bila kusita: kuiacha kulikuwa sahihi.

Januari 1642 Mikhail aliitisha baraza kuu, Zemsky Sobor. Wengi walitamani ngome ichukuliwe na Moscow. Lakini swali la pesa na askari lilipofika, wafanyabiashara walilia ufukara, na mabwana wadogo wa mikoani wakatamka kwamba urasimu na mahakama dhalimu za Moscow zinawaangamiza kuliko Waturuki na Watatari. Nchi inayomwambia mfalme wake maneno hayo, miaka minane tu baada ya kushindwa na Wapoland huko Smolensk, itapiganaje na Dola la Uthmaniya, dola la Waturuki? Hata Tsar Peter Mkuu, mjukuu wa Mikhail, alishindwa Azov mwaka 1695 kwa sababu Waturuki waliilisha ngome kwa njia ya bahari. Ilibidi ajenge meli katika mji wa Voronezh ndipo aiteke 1696, na 1711 akalazimika kukubali kuirudisha.

Lawama yangu kwa Mikhail iko kwingine. Alimwandikia Sultani kwamba Wakozaki ni wezi asiohusika nao, huku akiwapelekea fedha na baruti. Watu walikufa ukutani wakiamini Moscow iko nyuma yao. Huo ndio uovu wake, na ulianza kabla ya 1642.

Mnaosema usaliti ni ile amri ya kuondoka, nijibuni: Sultani angetuma jeshi la pili, kuta zikiwa zimeshakuwa kifusi, nani angelilipia vita hivyo?